Kitabu cha Arobaini na Moja

Kitabu cha kwanza kurudi kilikuwa na joto.

Mama Kadi alikivuta kutoka rafu ya tatu, kule stoo ya chini, saa nne asubuhi, taa zote zikiwa zinawaka, na kabla hata hajakifungua akajua ameshika kitu kisicho sawa. Vitabu vya stoo ni baridi. Alikuwa amevishika kwa miaka ishirini na sita. Hiki kilikuwa vuguvugu, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi, tena kinanuka kitunguu cha kukaanga.

"Namba?" aliuliza Fundi Mfumo, macho kwenye kompyuta yake ndogo iliyokaa juu ya toroli.

Mama Kadi akamsomea namba iliyobandikwa mgongoni. Fundi akaandika, akakunja uso.

"Hiki ni atlasi. Hiki kimepotea, mama. Kimo kwenye orodha ya vile arobaini na moja."

"Sasa kimepotea vipi na mimi nimekishika?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Wakacheka, lakini kicheko cha Mama Kadi kilikatikia njiani. Juzi tu alikuwa ameifuta vumbi rafu hiyohiyo kwa mkono wake, na atlasi haikuwepo.

Kazi yao ilikuwa ya kuchosha, si ya kutisha. Katalogi ya mtandaoni ilisema hivi, rafu zikasema vile. Msomaji anakaa kwake, anatafuta kitabu kwenye simu, anaambiwa kipo. Anapanda basi, anafika, anaambiwa hakipo. Malalamiko yalipozidi, Mkurugenzi alifunga maktaba kwa wiki sita na kuwapa watu wawili amri moja: piteni rafu kwa rafu, mpaka kompyuta na rafu ziseme neno moja. Fundi Mfumo alichaguliwa kwa sababu ndiye aliyejua mashine. Mama Kadi alichaguliwa kwa sababu alikuwepo tangu zama za kadi za karatasi na droo za mbao, ndiko lilikotoka jina lake. Kitabu kikipotoka sehemu yake hata kwa rafu mbili, yeye alikihisi.

Vile arobaini na moja vilikuwa na hadithi yake, na hakuna aliyependa kuisimulia. Miaka saba nyuma vilikosekana kwenye hesabu, na ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu mmoja tu, mzee mpole aliyeitwa Babu Stoo. Alijalidi vitabu vilivyochanika, akapanga, akapiga mihuri, akavaa ndala kazini kwa sababu ya miguu kuvimba, na akaweka vipande vya kafuri kwenye rafu kufukuza wadudu. Kamati ikakaa. Mzee akasema hajaiba. Mama Kadi, aliyekuwa mjumbe, akaulizwa swali moja: "Kuna mfanyakazi mwingine yeyote unayemfahamu anayetoa vitabu bila kuandika?" Akajibu, "Sifahamu." Babu Stoo akafukuzwa kwa barua ya mistari mitatu. Mwaka wa pili hakuumaliza, akafa.

Fundi Mfumo aliifungua atlasi. Ndani mlikuwa na bahasha ya zamani yenye jina la mwalimu mkuu mmoja mstaafu, aliyewahi kuwa kwenye bodi ya maktaba.

"Huyu si yule aliyepiga kelele sana mzee afukuzwe?"

"Ndiye," alisema Mama Kadi. "Weka alama kwamba kimeonekana, tuendelee."

Siku tatu baadaye habari ikafika ofisini: yule mwalimu mkuu aliamka asubuhi, akafungua gazeti, akalitazama, akalia kama mtoto. Macho yanaona. Anaona picha, anaona mkewe, anaona nzi ukutani. Ila herufi hazimwambii kitu. Madaktari walimpima kichwa wasione jambo.

Kitabu cha pili kilikuwa cha sheria, kikanuka manukato ya ghali. Kikarudi Jumatatu, Jumatano wakili mmoja maarufu akasimama mbele ya hakimu, akaangalia jalada lake mwenyewe, akawa bubu. Cha tatu kilinuka dawa ya hospitali. Cha nne kilikuwa na nywele ndefu ya mwanamke katikati ya kurasa. Vilikuja viwili, vitatu kwa siku, kila kimoja mahali pake hasa, kimenyooshwa mgongo, na kila kimoja na joto la nyumba kilikotoka. Na mjini watu wakawa wanasahau kusoma, mmoja hapa, mmoja pale, watu wazima wenye vyeo, wakijificha kwa aibu kama waliopatwa na ugonjwa mbaya.

"Mama," Fundi Mfumo alinong'ona siku moja, "kuna mtu anafanya kazi hii pamoja na sisi."

"Usinitie wazimu."

"Jana niliacha rafu ya tisa haijapangwa. Leo imepangwa. Nani ana ufunguo?"

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mama Kadi.

Mchana huo Fundi alipanda juu kula, naye akabaki peke yake. Alikuwa anasoma namba kwa sauti, kujipa ujasiri, aliposikia muhuri. Ta. Ukatulia. Ta. Ulitoka safu ya mwisho, kule ukutani, ambako hapakuwa na meza wala muhuri kwa miaka saba. Harufu ya kafuri ikamjia puani, kwanza kidogo, kama mtu amepita, kisha nzito, kafuri ile ya rafuni na ile wanayopakwa maiti, hazikutofautiana tena. Hapo akasikia ndala, shwaa, shwaa, zikiburuzwa polepole na mtu mwenye miguu iliyovimba, zikitoka safu ya mwisho hadi ya kumi na moja, ya kumi na moja hadi ya kumi, zikisimama kidogo kila rafu kama anayekagua, zikiendelea, naye Mama Kadi amesimama roho mkononi, mgongo umeganda kwenye chuma cha rafu, akiangalia ule uwazi mwembamba juu ya vitabu unaokuonyesha safu ya upande wa pili, na katika uwazi huo kikapita kitu ambacho hakikuwa kichwa wala bega bali giza lenye urefu wa mtu, kikasimama usawa wake, kikapumua, na pumzi ile ilikuwa ya moto, ikageuza kurasa za kitabu alichoshika moja baada ya nyingine hadi mwisho, kwa utaratibu, kama anayetafuta jina.

Kisha kikaenda zake.

Fundi Mfumo alimkuta amekaa sakafuni. Alimwinua, akampandisha ngazi, na wote wawili wakaenda kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi aliwasikiliza huku akichezea kalamu. "Vitabu vinarudi, mnalalamika. Visiporudi, mnalalamika."

"Bosi, basi angalau mzee asafishwe jina," Fundi alisema. "Vitabu vinarudi, na tunajua vilikotoka. Andika barua kwa familia yake."

"Niandike kwamba kamati ya maktaba ilikosea? Suala la marehemu lilifungwa. Nyinyi wekeni alama, mmalize." Wiki hiyohiyo dereva wake alikuwa ameanza kumsomea barua zake kwa sauti.

Ni Mkurugenzi mwenyewe, hatimaye, aliyeruhusu mganga aletwe. Alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mwembamba, mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni, ambaye hakuonekana kuogopa wala kushangaa. Alisema jambo moja tu kabla ya kuja: mjane wa mzee awepo.

Wakashuka saa sita mchana, watano: mganga, mjane, Mkurugenzi, Fundi na Mama Kadi. Mganga akatembea safu zote kumi na mbili kimya, akigusa vitabu kama anayechagua kitambaa. Mwisho akarudi.

"Marehemu hayupo hapa," alisema. "Amelala zake. Hili ni jini lake, la ukoo wao. Lilikaa naye humu miaka yote, likimsaidia kutafuta. Mama, si kweli?"

Mjane akaitikia kwa kichwa. "Alikuwa akisema hatafuti kitabu. Anaonyeshwa."

"Alipofukuzwa, lenyewe halikuelewa. Linamsubiri. Limesikia vitabu vimepotea na mwenzake kaumizwa kwa ajili yavyo, basi limekwenda kuvileta, nyumba kwa nyumba. Na kila nyumba linachukua ujira wake." Mganga akawatazama mmoja mmoja. "Sitalifukuza kwa nguvu bila kulipa haki yake. Linataka neno. Kuna mtu alijua, akanyamaza. Aseme hapa, mbele ya mama huyu, yaishe."

Fundi Mfumo alikuwa ameshasema kwamba vimerudi arobaini. Kimebaki kimoja: kitabu kinene cha kemia, jalada la bluu.

Mama Kadi alijua kilipo. Kilikuwa nyumbani kwake, juu ya kabati, chini ya mashuka. Alikitoa stoo mwenyewe, kimefichwa mkobani, miaka minane nyuma, binti yake alipokuwa anajiandaa na mitihani na hakuna duka lililokuwa nacho. Alisema atakirudisha baada ya wiki mbili. Binti akafaulu. Leo alikuwa mfamasia katika hospitali kubwa, anasoma majina madogo ya dawa mchana kutwa na kuwapimia wagonjwa.

Ulimi ulikuwa pale, na neno lilikuwa pale. Mjane alikuwa anamtazama, si kwa hasira, anamtazama tu. Mama Kadi akamtazama Mkurugenzi, akafikiria miaka miwili iliyobaki hadi astaafu, akafikiria jinsi atakavyoitwa sokoni. Akainamisha kichwa.

"Haya," alisema mganga, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Akasoma alichosoma, akafukiza alichofukiza. Rafu zikatikisika kwa vishindo, taa zikafifia, kikapita kishindo cha ndala nyingi kuelekea ngazi, kisha hewa ikawa nyepesi. "Limetoka humu. Siwaambii limekwenda mbali."

Asubuhi iliyofuata, kabla Fundi hajafika, Mama Kadi alikitia kitabu cha bluu mahali pake, akakipitisha kwenye skana. Mashine ikalia. Arobaini na moja kwa arobaini na moja. Katalogi na rafu zikasema neno moja, Mkurugenzi akawapongeza mbele ya wafanyakazi wote, wakapiga makofi.

Siku ya nne, mchana, simu yake ikaita.

"Mama." Binti yake alikuwa anaongea chini kwa chini, kama aliyejifungia chooni. "Mama, usishtuke. Nimeshika chupa ya dawa hapa, siioni imeandikwa nini. Yaani naona maandishi. Ila... Mama, nimeshampa mtu dawa asubuhi. Sijui nimempa nini."

Mama Kadi hakuaga mtu ofisini. Alikaa kwenye ngazi za maktaba, akaandika karatasi nzima, mbele na nyuma: kitabu, mkoba, kamati, lile jibu lake. Akasaini. Akaenda kwa miguu hadi kwa mjane, kwenye chumba cha mwisho cha nyumba ndefu yenye bomba moja uani.

Mjane alikuwa anachambua mchele. Hakumkaribisha kukaa.

"Nimekuletea hii, dada. Ilitakiwa uipate miaka saba iliyopita."

"Mimi macho yangu mabovu. Nisomee."

Mama Kadi akaikunjua karatasi. Aliona wino wake, aliona mistari imelala sawa, mwandiko wake mwenyewe wa miaka yote. Hakukuwa na neno. Alama tu, kama mchanga uliomwagwa. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Harufu ya kafuri ikampita begani, polepole, bila chuki.

Basi akasema kwa mdomo. Akasema yote, akiwa amesimama, bila kuruka kitu, mpaka mchele ukaisha kwenye ungo.

"Hayo nayajua," mjane alisema. "Alikuona siku ile ukikitia mkobani. Alikuja akaniambia, mke wangu, mwache, mtoto asome, kitarudi. Siku ya kamati alirudi hapa akaketi hapo ulipo. Nikamwambia, si umtaje? Akasema, ana binti." Akapuliza makapi. "Nilikuwa nangoja utaje mwenyewe. Nimengoja mpaka nimechoka kukuchukia."

"Nisamehe, dada."

"Nenda kamwangalie mwanao."

Nje, barabarani, simu ikatetema mkononi mwake. Ujumbe wa binti yake; aliitambua picha yake ndogo pembeni. Chini ya picha palikuwa na mchanga uleule. Akasimamisha mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na ndoo.

"Samahani, dada yangu. Nisomee hapa."

Mwanamke akamwangalia, mama wa makamo, nguo za ofisini, miwani imening'inia kifuani. Akaweka ndoo chini, akachukua simu.

"Anasema: 'Mama, naona vizuri sasa, maandishi yamerudi yote. Yule mgonjwa tumempata, mzima. Uko wapi?'" Akamrudishia. "Nimjibu?"

Mama Kadi akaipokea simu kwa mikono miwili, kisha akamnyooshea tena.

"Soma tena," alisema. "Soma polepole."