Unga wa Kambo Mwaba

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiki alifagia uwanja, akajaza maji kwenye bidoni, kisha akaangalia kamera katika simu ya baba yake. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Baba yake, Papa Pierre, aliifunga kamera juu ya mlango wa nyumba yao ya mtaa wa Bel-Air baada ya mwizi kuruka ukuta na kubeba masufuria. Ilionyesha lango, na uwanja wote pia. Papa alimwonya jambo moja tu: picha za nyumbani zisitoke nyumbani.

Mwezi ule kambo yake, yaani bibi yake, mama wa Papa, alikuja kutoka Kipushi kutibiwa miguu iliyovimba. Kambo Mwaba aliamka kabla ya wote. Aliweka unga kidogo wa mahindi chini karibu na ukuta, akamsalimu mume wake aliyekufa zamani, akampa habari za watoto. Asubuhi moja Kiki alimwona kwenye video katika simu, mdogo kama kidole, midomo ikicheza bila sauti. Akacheka. Akamtumia rafiki yake Nono video ile, na kuandika kwamba kambo anaongea na ukuta.

Nono naye alicheka, akamtumia dada yake. Dada akaiweka kwenye grupu ya simu ya majirani wa avenyu yao.

Jumamosi, wanawake waliokuwa bombani walinyamaza Kambo alipofika na ndoo. Jirani yao, Mama Chilufya, aliwaita watoto wake, waliozoea kula karanga za Kambo, warudi nyumbani. Jioni mtu akaandika langoni kwa makaa: MULOJI, yaani mchawi. Kiki alisugua kwa kitambaa, lakini herufi zilibaki.

Kambo hakujua kusoma. Alisimama nyuma yake.

"Baliandika nini hapa?"

Kiki alijibu kwamba ni watoto wanacheza tu.

Kambo aliutazama mkono wa Kiki uliokuwa mweusi kwa makaa, akaingia ndani. Papa alimkuta akifunga nguo zake katika kitenge. Dawa zilikuwa zimebaki za siku kumi.

"Narudi Kipushi, Pierre. Hapa batu banaogopa macho yangu, na siyue niliwafanya nini."

Hapo Kiki alilia, akasema yote. Papa hakumpiga. Alimwomba mama yake angoje siku moja.

Jumapili baada ya misa yeye na Kiki walipita nyumba kwa nyumba, na Papa alitaka Kiki aseme mwenyewe. Alisema kwamba kambo yake alikuwa akimsalimu mume wake, na yeye ndiye aliyeifanya salamu ile kichekesho. Mama Chilufya alitazama chini.

"Mama yangu alikuwa anafanya vile vile," alisema. "Nilijua, na niliogopa tu."

Alifuta video mbele yao, akawaambia na wengine wafute. Nyumba moja hawakufunguliwa.

Papa aligeuza kamera ikaangalia lango peke yake. Kambo alifungua kitenge, akabaki mpaka dawa zikaisha. Watoto walirudi kwa karanga.

Lakini asubuhi Kambo hakuonekana tena karibu na ukuta. Siku moja Kiki alimkuta mlangoni na unga mkononi. Kambo alitazama uwanja, akatazama juu kwenye kamera, akarudisha unga ndani ya beseni.

Kiki alimwambia kwamba kamera haimwoni tena.

"Najua, mutoto yangu. Papa yako alinionyesha. Ile roho yangu ndiyo haiyarudia pale."

Papa aliyasikia hayo. Alimketisha Kiki kando yake.

"Masufuria mwizi alibeba, tulinunua mengine," alisema polepole. "Mambo ya mutu mu nyumba yake ni yake. Kabla ya kuitoa inje, unamuulizaka yeye. Ukikosa kumuuliza, utaomba pardon, na atakupatia. Lakini ona vile anasimama."

Kiki aliona. Kambo alikuwa bado mlangoni, akipangusa vidole vyake vyeupe kwenye kitenge.