Mabakuli Yaliyorudi Matupu

Mimi ni mjane wa miaka sabini na moja, naishi Chome, huku juu milimani, wilaya ya Same. Namshukuru Mungu kwa kila pumzi anayonipa... ila nimechoka, ndugu zangu. Naandika haya nikiwa nimechoka.

Tangu ujana wangu nilijulikana kwa makande. Mahindi ya kukoboa kwenye kinu, maharage ya shambani kwangu, chungu kikichemka taratibu tangu alfajiri. Kila Jumapili baada ya ibada niliwapelekea wazee na wagonjwa. Sikuwa na majivuno, au ndivyo nilivyodhani!

Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia ndizi moja. Siku moja jirani yangu Nakundwa, mjane mwenye kishamba kisichomtosha, alinirudishia bakuli likiwa limejaa mnafu. Nikamrudishia mboga zake mbele ya akina mama wenzetu.

"Dada, mimi sikukukopesha," nilimwambia. "Atanilipa Mungu."

Wenzetu wakacheka. Nakundwa akainama, akafunga mnafu wake kwenye khanga, akaondoka.

Tangu hapo mabakuli yote yalirudi yameoshwa vizuri, matupu... Nami nikafurahi! Nikasema hiyo ndiyo imani.

Kisha mvua zikakata. Maharage yakakauka yangali maua. Mume wangu akateleza shambani, akavunjika nyonga, na mbuzi wetu wote wakaishia kwenye matibabu. Ghalani yakabaki mahindi ya kufagia.

Lakini watoto wa majirani waliendelea kuja na vyombo vyao. "Shikamoo bibi, mama anaomba kidogo." Ningesema nini? Nilichota, huku mzee wangu akinitazama kutoka kitandani.

"Mama Eliza, waambie na sisi hatuna," aliniambia kwa upole.

Sikuweza! Mimi niliyelisha watu maisha yangu yote, leo niombe?

Hatimaye nilijikaza, nikamnong'oneza rafiki yangu mkubwa wa kanisani. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Wewe? Acha utani, dada! Ukilala njaa wewe, sisi si tungekuwa tumeshazikwa?"

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama asiyepungukiwa. Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia...

Mzee wangu aliomba kitu kimoja tu: makande yenye maharage. Nilimchemshia mahindi matupu. Akatafuna polepole, akashukuru, akanifariji kwamba maharage yatapatikana. Kabla hayajapatikana, akafariki.

Sisemi njaa ndiyo iliyomuua. Hospitali walisema ni nyonga na uzee. Lakini aliondoka akitamani maharage, mume wa mama wa makande!

Na msiba ndio ulioleta chakula. Kabla jua halijazama, uani kwangu palijaa kuni, mahindi, mchele... na maharage, debe juu ya debe! Niliyatazama nikalia kwa sauti. Mungu wangu, yalikuwa wapi?

Nakundwa alikuja nyuma ya wote, na bakuli lililofunikwa. Ndani mlikuwa na mnafu. Hakulitua chini. Alisimama nalo kama mtu anayengoja ruhusa.

"Nilikuwa naona, dada," alisema. "Chungu chako kilikuwa hakinukii maharage tena. Niliogopa utanirudishia."

Nikalipokea kwa mikono miwili.

Wapendwa wasomaji, lisheni wenye njaa, Bwana ametuagiza. Lakini maskini akikutilia mboga kwenye bakuli lako, ipokee! Ipike, uile, umwambie ilikuwa tamu. Na siku ukiwa huna, sema huna, na wakicheka sema tena. Nawasihi, msipite nilikopita mimi.

Siku hizi Nakundwa huniletea mnafu, nami humpelekea maharage. Mvua zimerudi, Mungu ni mwema. Ila kila makande yakiiva, mkono wangu huchota kwanza sahani ya mzee... ndipo nakumbuka.