Ukurasa wa 214

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha nyuma.

Ya pili ilipita katikati ya vichwa viwili, ikatokea mbele.

"Inama, mzee," Kapteni Nieves Ccopa alisema, akakanyaga mafuta. Toyota ikapanda ukingo wa Barabara ya Arequipa, manyunyu ya Lima yakimpiga usoni.

Don Hermógenes, mtunza ghala la silaha mstaafu, alijikunja chini ya kiti. "Binti, mimi niliahidiwa lifti, sio vita."

Redio ilikoroma, ikimwita kwa jina lake la siri. "Kondori, hali?"

"Hilux moja. Watu watatu. Wamemeza chambo."

"Washikilie hadi saa nne."

Saa nne majaji wangeketi kuamua rufaa ya Sajini Tapullima, aliyefungwa miaka ishirini na mitano kwa kuwauzia wafanyamagendo bunduki za jeshi. Hakuuza hata risasi. Muuzaji alikuwa Kanali Barrenechea, ndiye huyohuyo aliyeongoza mahakama ya kijeshi iliyomtia hatiani. Don Hermógenes aliyaona yote. Nieves, jasusi wa jeshi, alikuwa na hasira ya miezi minane, tangu hukumu ile.

Hilux ikawagonga ubavuni. Toyota ikabingirika, ikaishia ukutani.

Nieves alichomoka dirishani na bastola yake ya Glock. Wa kwanza alimpiga risasi ya koo. Wa pili, goti, kisha kifua.

Wa tatu alimrukia, akamkaba juu ya boneti. "Shahidi wako hafiki mahakamani leo, dada."

Nieves alipapasa buti, akachomoa kisu, akakizamisha chini ya mbavu. Jamaa alikohoa damu, akateleza chini.

Don Hermógenes alikuwa amepigwa risasi begani. Nieves aliogopa kwelikweli. Alimfunga jeraha kwa skafu yake, akamkabidhi kwa gari la wagonjwa.

Saa nne na robo alifika mahakamani, damu hadi viwikoni.

Kanali alikuwa kwenye ngazi, akitabasamu. "Nasikia shahidi wako yuko hospitali. Pole sana, kapteni."

"Asante, afande. Umewahi kukanyaga mahakama ya rufaa?"

"Nimehukumu wanajeshi mia mbili, mtoto wewe."

"Huko kwako shahidi anasimama, unamkodolea macho, anatetemeka. Humu hawasikilizi shahidi. Wanasoma jalada la kesi, basi. Ukurasa wa 214 unaanza daftari la ghala lenye sahihi yako ya kutoa bunduki zile. Mlilishona wenyewe humo ndani. Hukulisoma, afande. Ulishajua hukumu yako kabla ya kesi."

Tabasamu likamtoka. "Jalada liko kambini kwangu."

"Karani wako amelileta kwa basi asubuhi, kama sheria inavyotaka. Watu wako wote walikuwa wananiwinda mimi na mzee; hakubaki wa kumzuia."

Kanali akachomoa bastola. Nieves alimvunja kifundo cha mkono, akamgongesha uso kwenye nguzo, mara mbili. Polisi wa jeshi waliokuwa mlangoni wakamfunga pingu.

Mlango ukafunguliwa. Karani wa mahakama akasoma: hukumu imefutwa, sajini aachiwe leo.

"Mzee alijua ni chambo?" Kanali aliuliza, meno yamejaa damu.

"Wazo lilikuwa lake," Nieves alisema, akashuka ngazi kutafuta teksi ya kwenda hospitali.