Maji ya Kuoga ya Ndegwa

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Naftaly aliwapiga ng'ombe wake dawa ya kupe. Alivaa gambuti, akajifunga kitambaa puani, akabeba pampu mgongoni. Kazi ya binti yake Wachuka, msichana wa miaka kumi na miwili, ilikuwa kushika kamba na kumbembeleza ng'ombe asirushe mateke. Pale kwao Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kazi hiyo ilifanywa karibu kila boma.

"Sogea huko, upepo unakuletea," Baba alimwambia kila mara. "Hii ni sumu. Haijui ng'ombe wala mtu."

Mwezi huo Wachuka alishika kamba kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili ulikuwa na kazi ya kujikuna.

Muwasho ulianza katikati ya vidole, kidogo tu, kama mzaha. Ukapanda kwenye viwiko, ukaingia makwapani, ukauzunguka mwili kiunoni. Mchana ulivumilika. Akishajifunika blanketi likapata joto, basi, usingizi ulikwisha. Ndugu yake Ndegwa, mtoto wa miaka mitatu aliyelala naye kitanda kimoja, naye akashikwa. Alijikuna tumbo mpaka likatoka vidonda, akalia mpaka sauti ikakauka. Mama yao, Cate, alinunua tyubu ya dawa ya choa dukani bila kumwonyesha mtu yeyote hao watoto. Haikusaidia. Akanunua nyingine kama hiyo hiyo. Jirani mmoja alisema ni damu chafu, mwingine akasema ni maji ya kisima, na kila mmoja alisema kwa uhakika kama mtu aliyesomea.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wachuka alikuwa katika kikundi cha ngoma kilichojiandaa kwenda Eldoret kwa tamasha la muziki. Katika ngoma yao wasichana walishikana mikono na kuzunguka. Mwalimu Jepkorir, mkufunzi wa kikundi, akaona ile mikono.

"Wachuka, hiyo nini? Usiniambukizie watoto. Upone kabla ya safari, ama ubaki."

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemshika mkono. Wasichana walimshika ncha ya mkono wa sweta kwa vidole viwili, kisha wakajipangusa kwenye sketi zao. Wachuka alicheza huku akitabasamu kama walivyofunzwa, na moyoni aliungua.

Ni rafiki yake Sue aliyempa wazo, wakiwa nyuma ya madarasa.

"Si mko na ng'ombe? Huo ni upele, oga na dawa ya kupe. Shosho, mama yake Baba, alitupaka tukiwa wadogo, tukapona."

"Baba anasema ni sumu."

"Sumu ya kupe! Kama inaua kupe, kadudu ka upele katafanya nini? Wewe unataka kwenda Eldoret ama hutaki?"

Alitaka. Alitaka sana kuliko alivyoweza kusema.

Jumamosi iliyofuata, Baba alipokuwa ameenda kutafuta nyasi na Mama yuko kwenye chama cha akina mama, Wachuka alichukua chupa kwenye stoo. Alimimina kifuniko kimoja ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Maji yakageuka meupe. Akaongeza kidogo, maana upele ulikuwa umewatesa mno, akaona sasa ni zamu yake kulipiza kisasi.

Akaanza na Ndegwa. Alimsugua kwa sponji ngumu, na vile vidonda vya tumboni vikafunguka.

"Inauma! Wachuka, inauma!" mtoto alilia akimng'ang'ania shingoni.

"Vumilia kidogo. Utapona," alimwambia, na aliamini. Yeye mwenyewe aliosha mikono tu, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga. Kisha alimpaka Ndegwa mafuta ya kukamulia ng'ombe mwili mzima ili harufu isisikike. Mafuta hayo Mama aliwapaka kila siku, kwa hivyo hakuna ambaye angeuliza.

Jua lilikuwa bado liko juu Ndegwa alipoanza kutokwa na mate. Wachuka aliyafuta, yakaja mengine. Mtoto akatapika, akalowa jasho, akalegea. Kifua chake kikaanza kukoroma. Mama aliporudi na kumwita jina, hakuitika. Mama alipiga nduru iliyomleta Baba mbio kutoka shambani, na gari la jirani likawakimbiza wote hospitalini mjini Nakuru.

Daktari wa zamu alimulika macho ya Ndegwa. Mboni zilikuwa zimebana, ndogo kama ncha ya sindano. Alikunja uso.

"Amekunywa kitu? Amekula kitu? Kuna kitu amepakwa?"

"Ni mafuta tu ya kukamulia, daktari," Mama alisema akilia. "Hayo ya kila siku."

"Na wewe, dada yake? Ulikuwa naye?"

Wachuka aliangalia sakafu. "Nilikuwa naye. Sijui."

Hilo neno "sijui" lilitoka kirahisi sana. Alimwogopa Baba. Aliogopa Mama angemwangalia vipi maisha yake yote. Na aibu iliyoje, hata pale, ndani ya chumba kile, bado alikuwa anaifikiria safari ya Eldoret. Mwoga ana hesabu zake, na zote zilimwambia anyamaze.

Daktari alimgeukia muuguzi, wakaanza kuzungumza juu ya homa ya kifua, juu ya ubongo, juu ya vipimo vitakavyochukua muda. Walimvisha Ndegwa kifaa cha hewa usoni. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mkono wake mdogo uliokuwa unajikuna usiku na mchana ulikuwa umetulia kando ya kitanda, haujikuni tena. Wachuka alipouona umetulia hivyo, alisogea akamshika daktari koti.

"Ni mimi!" alisema kwa sauti iliyomshtua kila mtu. "Nimemwosha na dawa ya kupe. Nilitaka upele uishe. Daktari, ni mimi."

Mama aliinua mkono akaushusha. Baba hakusogea. Daktari hakupoteza muda kumgombeza mtu.

"Dawa gani? Chupa yake ni ya rangi gani? Ilikuwa lini?" Wachuka alijibu yote, na daktari akawageukia wauguzi. "Mvueni nguo. Maji na sabuni, mwili mzima, hata nywele. Vaeni glavu. Na nileteeni ile sindano ya kupinga sumu, sasa hivi!"

Walimwosha, wakamdunga, wakamdunga tena. Wachuka naye alioshwa mikono na kuwekwa chini ya uangalizi. Aliketi nje ya pazia akisikiliza kile kikoromo, akiomba kisikome na akiomba kikome. Hakuna aliyekuja kuketi karibu naye. Baba alipopita alisema tu, "Hata mimi sikufunga stoo," akaenda kusimama dirishani akiwa amempa mgongo.

Ndegwa alifungua macho siku ya pili. Alikaa wodini siku nyingi, ngozi ya tumbo imebabuka na kutoka malengelenge. Basi la shule lilienda Eldoret na kurudi, Wachuka asikumbuke kuuliza walipata nafasi gani.

Ndipo familia ilipopelekwa kwa Daktari Nangila, mtaalamu wa magonjwa ya ngozi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini. Hakuandika dawa haraka. Aliuliza kwanza.

"Inawasha zaidi lini?"

"Usiku," Wachuka alisema.

"Nyumbani nani mwingine anajikuna?"

Baba akakohoa. "Mimi pia. Kiunoni. Nilidhani haya ya watoto hayampati mtu mzima."

"Upele hauulizi umri, mzee."

Aliangalia katikati ya vidole vya Wachuka kwa kioo cha kukuza chenye taa, akapata kamstari kembamba kama mkwaruzo wa penseli. Alikakwangua polepole, akaweka ukwanguo kwenye kigae cha kioo, akamwita Wachuka achungulie kwenye hadubini. Pale palikuwa na kidudu cha mviringo, chenye vijiguu vifupi vifupi.

"Huyo ndiye huchimba ngozi na kutaga mayai," alisema. "Tyubu mliyonunua ni ya choa. Choa ni ukungu, huchora duara lenye ukingo. Hapa hakuna duara. Magonjwa ya ngozi hufanana ukiyatazama kwa mbali, ndiyo maana tunauliza, tunashika, tunapima. Vidonda vikifunga, mtapaka dawa hii nyote siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayo, hata asiyejikuna. Ndegwa mpakeni na kichwani. Nguo na matandiko, maji moto na jua. Muwasho unaweza kubaki wiki kadhaa, msiogope. Na shuleni nitapiga simu, maana wenzako walioshikana mikono nawe wanahitaji kuangaliwa, si kuchekwa."

Walifanya kama walivyoambiwa, na upele ukaisha. Ngozi ya Ndegwa ilifunga, ikaacha baka jeusi tumboni.

Jioni moja Wachuka aliteka maji safi, akamwita mdogo wake aje aoge. Ndegwa alimwona na beseni. Hakulia. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akatikisa kichwa, kisha akakimbia na kujificha kwenye nguo za Mama. Wachuka alibaki ameinama pale pale, machozi yakimdondoka majini.

Mama alimkabidhi Ndegwa kwa baba yake, akaja akachuchumaa mbele ya Wachuka.

"Nitakuambia mara moja, halafu sitarudia," alisema. "Kuugua ngozi si aibu. Kuogopa kuchekwa pia si dhambi, mimi mwenyewe niliogopa, ndiyo sababu nilinunua dawa bila kuwapeleka muonwe. Lakini daktari alipokuuliza ukasema hujui, wakati huo ndugu yako alikuwa anakufa, na wewe ulikuwa na jibu. Ulilitoa, na yuko hai. Ukiwa na jibu, litoe mara ya kwanza unapoulizwa."

"Na Ndegwa, Mama? Atakubali tena nimwoshe?"

"Sijui, mwanangu," Mama alisema, akachukua beseni. "Huyo utamngoja."