Goti Alilolificha Kipa

Kila Jumamosi Jagoda Kurpas, msichana wa miaka kumi na tatu, alikunywa chai, akabeba glavu zake na kukimbia hadi uwanja wa wachimba makaa ya mawe mjini Zabrze. Jumamosi hii alitembea polepole. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba. Bibi yake alikuwa amelifunga jani la kabichi lililopondwa ili kupunguza uvimbe, kama walivyofanya bibi wote wa mtaa ule, akamwonya asicheze. Lakini leo wateuzi wa timu ya mkoa walikuwa wanakuja. Jagoda akavaa suruali ndefu ya kipa.

Kocha Malcherek alikuwa mshambuliaji hatari enzi zake. Akauliza, "Nani anaumwa?"

"Hakuna, kocha!" Jagoda aliharakisha kujibu.

Dakika ya tisa ya mechi mpira ukaja chini chini. Jagoda akataka kuruka, goti likagoma. Bao! Jani likadondoka kutoka kwenye suruali.

"Jamani, kipa wao anauza saladi!" alipayuka mshambuliaji wa wapinzani. Uwanja mzima ukacheka, hata wazazi.

"Toka!" alinguruma Malcherek.

"Kocha, tafadhali, wateuzi..."

"Toka! Mwongo hakai golini kwangu."

Jagoda akalia benchini, peke yake. Mteuzi mmoja akakata jina lake kwenye karatasi, akaendelea kula soseji.

Baada ya mechi Malcherek akaja, akapandisha suruali yake mwenyewe. Goti lilikuwa limepinda, limejaa makovu.

"Litazame. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilimdanganya kocha ili nicheze fainali. Nikafunga, mashabiki wakanibeba mabegani. Siku ya tatu daktari akaniambia basi, mpira umekwisha. Unadhani niliutaka ukocha? Sikuweza tena kukimbia."

"Na wale waliokubeba?"

"Msimu uliofuata walimbeba mwingine."

Jumatatu daktari alikuta kano imechanika kidogo. Jagoda alipumzika wiki kumi, akafanya mazoezi aliyoelekezwa, na theluji ilipoyeyuka akarudi golini akiwa mzima. Timu ya mkoa ilikuwa imeshapata kipa.

"Mwakani watachagua tena," alisema Malcherek. "Ukiumwa, niambie. Nitakutoa, na utanichukia siku nzima. Ukinificha, utajichukia mwenyewe kila unapopanda ngazi, mpaka uzeeni. Haya, vaa glavu."