Lastiki Chini ya Goti

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, mjukuu wangu alipiga magoti mbele ya kitanda changu na kunifunga miguu. Tulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mimi ni mpiga pasi katika duka la dobi, kazi ya kusimama kutwa. Mishipa ya miguuni ilikuwa imevimba na kujisokota chini ya ngozi, nami nikaona dawa yake ni kuibana. Fundi cherehani, jirani yetu, alitupatia vipande vya lastiki ya kiunoni, na Chiriku akavikaza chini ya magoti yangu.

"Bibi, nikaze tena?"

"Kaza, mke mwenzangu. Nataka damu ikome kushuka."

"Mbona miguu inakuwa ya buluu?"

"Si ndiyo rangi ya sare yako? Kaza tu."

Siku moja akaona kidonda juu ya kifundo cha mguu. Kilikuwa kidogo, lakini kilitoa maji.

"Usimwambie mtu," nilisema. "Dobi akijua, atatafuta mpiga pasi mwingine, nasi tutakula nini?"

Akaahidi. Kwa siku nne mtoto yule hakuongea, hata mwalimu wake akamuuliza kama anaumwa. Siku ya tano alipita dukani baada ya masomo, akanikuta nimeegemea meza ya pasi, soksi yangu imelowa. Hakuja kwangu. Alimwendea dobi, mama mwenye duka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umemeza nini, mbona umenyamaza hivyo?"

"Nimemeza siri, na inanikaba. Bibi ana kidonda mguuni. Tafadhali usimfukuze."

Nilitamani sakafu inimeze. Dobi alikuja akazima pasi yangu kwa mkono wake.

"Tangu lini, mama?"

"Wiki tatu, nikikificha chini ya soksi. Niliogopa."

"Nami nilikuona unachechemea, nikasema ni uzee. Kosa langu, sikuuliza."

Asubuhi iliyofuata alifunga duka, akatupeleka zahanati. Daktari aliinama, akaona alama za lastiki.

"Nani amefunga hapa?"

Chiriku akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Mimi. Lakini bibi ndiye aliyeniagiza."

Daktari hakumkaripia. Alimweleza taratibu kwamba damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni, na ndani ya mishipa mna vilango vinavyoizuia isishuke tena. Vyangu vimelegea. "Ukifunga chini ya goti, unaizibia njia ya kupanda," alisema. Akapima mapigo ya damu mguuni, akasafisha kidonda na kukizungushia bendeji, iliyobana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri ilivyopanda. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kupigwa picha ya mishipa, na kuniambia niinue miguu kila ninapopumzika.

Nilipofika kazini nilikuta kiti kirefu mbele ya meza yangu.

"Kaa," dobi alisema. "Shati halijui kama anayelipiga pasi amekaa au amesimama. Na kila saa uzunguke duka mara mbili, la sivyo nitakusema."

Wiki ya saba kidonda kilifunga. Daktari akanipa soksi maalumu za kubana, na Chiriku akajifunza kunivisha kabla sijashuka kitandani. Asubuhi moja alisita, soksi mkononi.

"Bibi, nilivunja ahadi. Umenisamehe?"

Nikamkalisha kando yangu.

"Ahadi ile sikupaswa kukuomba. Siri inayomuumiza mtu si mzigo wa mtoto. Ukipewa ya namna hiyo, mpelekee mtu mzima anayeweza kusaidia, hata kama mwenye siri atanuna. Mimi niliogopa kupoteza kazi, karibu nipoteze mguu. Umeniokolea vyote viwili. Asante, mjukuu wangu."