Gauni Lililozidi Kupwaya

Cherehani kilianza kushona chenyewe mchana kweupe. Fundi, mwanamume aliyejua kiuno cha kila mteja kwa kutupa jicho tu na asiyejua lolote jingine duniani, aliona kikanyagio kikipanda na kushuka bila mguu.

"Ni binti yako," alimnong'oneza mkewe. "Ana jini."

Ushahidi alikuwa nao tele, mwenye akili zake! Binti alilala kutwa, usiku yu macho. Chakula alikichezea tu. Mashoga zake wakija, anaagiza waambiwe hayupo. Zamani aliimba akifua.

"Mume wangu, mtoto ana huzuni. Nimemsikia akisema heri asingezaliwa."

Fundi alicheka. Huzuni ya nini, kwa mtu anayekula bure?

Akaitwa mganga, kitambi mbele, maarifa nyuma. Alifukiza ubani kitandani kwa binti, aliyelala kaugeukia ukuta.

"Toka ndani ya mtoto huyu!"

Cherehani kikanyamaza. Kisha harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa nyumba nzima ilhali pasi ilikuwa ya baridi, na kitu kisichoonekana kikajikokota sakafuni, kikapita miguuni mwa fundi kwa ubaridi uliompanda mpaka kwenye meno, kikasimama sikioni mwake na kusema taratibu:

"Ndani yake? Nilijaribu nikarudi mbio. Giza la mle hata sisi hatuliwezi. Mimi nakaa kwenye cherehani chako, mpumbavu wewe. Muhula mzima nakutazama ukipunguza gauni lake la shule. Umelaumu kitambaa, umelaumu duka. Hukuuliza mwili umekwenda wapi."

Mganga alitoroka kupitia dirishani, akaacha kiatu. Jini nalo likamfuata, kwa aibu ya kuishi na watu wa namna ile.

Harufu ikaisha. Fundi akajifuta jasho, akachangamka kama aliyefanya kazi.

"Limetoka! Inuka sasa, mwanangu."

Binti hakugeuka.

"Hilo lilikuwa lenu, baba," alisema. "Langu bado lipo."

Hapo ndipo fundi alipoutazama mkono wa mwanawe uliokuwa juu ya shuka, na kwa mara ya kwanza akaogopa kitu cha kuogopwa.

Mama alikuwa amekwisha piga magoti, anamvisha binti viatu. "Twende hospitali, mama. Nitakaa na wewe."

"Wateja wakiniuliza," fundi alinong'ona, "niseme nini?"

"Waambie ulipima vibaya," mkewe akamjibu, akamshika binti mkono wakatoka.